Pingili Zilizobaki

Julai 1970, jijini Edinburgh, Ron Hill wa England alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa saa 2:09:28. Nyuma yake wakaingia Mskoti, kisha Mwingereza mwingine, kisha mkimbiaji wa New Zealand. Wa tano, kwa saa 2:15:05, alikuwa Mtanzania kutoka Mbulu, John Stephen Akhwari.

Sijawahi kusikia mtu akiisimulia siku hiyo. Likitajwa jina la Akhwari, awe msemaji ni mwalimu wa michezo, mhubiri au mgeni rasmi kwenye mahafali, safari huelekea kulekule: Mexico, 20 Oktoba 1968. Tunaijua hadithi. Wakimbiaji 75 walianza, katika jiji lililo zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako pumzi ni ya kutafuta. Njiani Akhwari akaanguka, goti likateguka na kuchanika, bega likapigwa chini. Akafungwa bendeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha kupewa dhahabu yake na watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao wakati mtu mmoja alipoingia uwanjani gizani, anakokota mguu, saa moja na zaidi baada ya mshindi. Muda wake ulikuwa 3:25:27, na nafasi yake ya 57, ya mwisho kati ya waliomaliza. Alichowajibu waliomuuliza kwa nini hakuacha kimenukuliwa mahali pengi mno, kwa hiyo hapa nitakiacha kipumzike.

Sina ugomvi na hadithi hiyo. Inastahili kila kofi ililopigiwa. Ugomvi wangu ni na kazi tuliyoipa. Tumeirudia hadi ikammeza mwenyewe, na leo kijana wa shule anaamini kwamba Akhwari alikuwa mtu wa moyo mkubwa na miguu ya kawaida, mshiriki aliyebahatika kupelekwa Mexico na akaheshimika kwa kushindwa vizuri. Sivyo. Alikuwa mkimbiaji hodari aliyeumia. Mtu anayekimbia kilomita 42 kwa saa mbili na dakika kumi na tano, mwaka 1970, na viatu vya mwaka 1970, si mshiriki. Edinburgh ndiyo inayotuambia Mexico ilipoteza nini. Bila Edinburgh, Mexico inabaki kuwa habari ya huruma.

Maisha ya mwanariadha yana pingili nyingi kama muwa. Sisi tumezoea kutafuna moja, ile tuliyoionja tukaipenda, na zilizobaki tunazitupa pamoja na maganda.

Turudi uwanjani Mexico, maana siku hiyohiyo, katika uwanja huohuo, kulikuwa na jambo jingine. Kipchoge Keino wa Kenya, aliyekuwa akisumbuliwa na mawe kwenye nyongo, alimwacha Jim Ryun wa Marekani kwa karibu sekunde tatu katika fainali ya mita 1,500. Ryun ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia. Picha ya Keino akivuka mstari peke yake imebandikwa Kenya nzima, na ni haki yake. Lakini mbio zile zilianza na mtu mwingine. Ben Jipcho, Mkenya mwenzake, alitoka kwa kasi ya kichaa tangu mzunguko wa kwanza ili mwendo uwe mkali na mkiki wa mwisho wa Ryun ukose nguvu. Alijua hali hiyo ingemmaliza yeye mwenyewe, na ilimmaliza. Akaishia wa kumi. Kwa hesabu ya medali, Jipcho wa Mexico hayupo. Kwa hesabu ya mbio zenyewe, alikuwa nusu yake.

Ukanda wetu una watu wa aina hiyo kuliko unavyokiri. Mwaka 1996 Burundi ilikwenda Atlanta, Olimpiki yake ya kwanza. Vénuste Niyongabo alikuwa miongoni mwa waliotazamiwa katika mita 1,500, lakini nafasi hiyo akamwachia Dieudonné Kwizera, mkongwe ambaye miaka yake mizuri ilipita nchi yake ikiwa haina hata kamati ya kumpeleka Olimpiki. Kwizera hakufika fainali. Niyongabo akaingia mita 5,000, umbali ambao hakuwa na uzoefu nao, akashinda. Watu husimulia dhahabu ile kama thawabu ya wema, na mimi naikwepa tafsiri hiyo, kwa sababu wema ulikuwa umekamilika kabla bastola ya mbio za 5,000 haijalia. Angeshindwa, ungekuwa vilevile. Tofauti ni kwamba sisi tusingeusikia.

Jipcho hakubaki kuwa mtu wa kuwavutia wenzake kasi. Alipata fedha Munich 1972 nyuma ya Keino huyohuyo katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mwaka uliofuata akavunja rekodi ya dunia ya mbio hizo, na Januari 1974 akaenda Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Huko alichukua dhahabu ya mita 5,000 na dhahabu ya viunzi na maji. Siku ya mwisho, 2 Februari, akaingia fainali ya mita 1,500 akiwa amechoka na bado ni wa kuogopwa. Humo ndimo alimokuwemo kijana wa miaka ishirini, mzaliwa wa Karatu, Filbert Bayi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sidhani kama tumewahi kukaa vya kutosha.

Mita 1,500 za enzi zile zilikuwa mbio za kuviziana. Wakimbiaji walikwenda kwa kundi, kila mmoja akichungulia bega la mwenzake, hadi kengele ya mzunguko wa mwisho; ndipo ugomvi ulipoanza. Aliyetangulia mapema alihesabiwa mjinga, kwani alikata upepo kwa kifua chake kwa faida ya waliokuwa nyuma. Bayi aliukataa mchezo huo. Mwaka mmoja kabla, katika Michezo ya Afrika huko Lagos, alikuwa amemshinda Keino. Christchurch alitoka bastola ilipolia, akaongoza mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, pengo likiwa kubwa kiasi cha kumfanya mtazamaji adhani kijana amekosea hesabu. Hakuwa amekosea. Mwishoni John Walker wa New Zealand, mbele ya watu wa kwao, akaanza kulila pengo hatua kwa hatua, Jipcho naye yumo. Hawakumfikia. Saa ilisoma 3:32.16, rekodi mpya ya dunia iliyofuta ile ya Ryun ya mwaka 1967. Walker, wa pili, naye alikuwa chini ya rekodi ya zamani. Jipcho akapata shaba.

Rekodi ile ya dunia ilidumu hadi 1979, alipoivunja Sebastian Coe. Lakini kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola iliishi hadi Birmingham 2022, miaka arobaini na minane. Zilipita nyuso ngapi hapo katikati, viatu vya aina ngapi, njia za mpira za kila rangi, vizazi viwili vya Wakenya na Waingereza wenye mbio za kutisha, na kila michezo ilipoisha kitabu kilifungwa jina la Mtanzania likiwa palepale. Nadhani Watanzania wengi hawakujua kwamba lipo hadi lilipoondolewa.

Nikiitazama filamu ya mbio zile, kinachonishika ni jinsi anavyoongoza. Anayeongoza toka mwanzo hawezi kumwona anayemfuata. Anasikia viatu, anasikia uwanja ukipiga kelele ambazo si zake, na hana namna ya kujua kelele hizo zina maana ya mita kumi au mita mbili. Anakimbia kwa kuamini mwendo wake mwenyewe. Huo nao ni ushujaa, na hauna bendeji. Pengine ndiyo maana mahubiri hayajauchukua: anayeanguka akainuka anafanana na sisi, anayetangulia akakataa kushikwa hafanani nasi.

Mei 1975, Kingston, Jamaika, Bayi akachukua pia rekodi ya dunia ya maili moja, 3:51.0, akimpunguzia Ryun sehemu moja ya kumi ya sekunde. Agosti Walker akaitwaa huko Göteborg kwa 3:49.4, mtu wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Wawili hao walikuwa wamepangiana miadi, na dunia nzima ilijua mahali na tarehe: Montreal, Julai 1976.

Bayi hakukimbia Montreal. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka uleule damu ya watoto wa Soweto ilipomwagika. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki, kamati ya kimataifa ikakataa, na zaidi ya nchi ishirini zikasusia. Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa mstari wa mbele. Walker, Mnyuzilandi, akashinda dhahabu katika fainali iliyokwenda polepole, 3:39.17, sekunde saba nyuma ya Christchurch. Ilikuwa mbio za kuviziana.

Nasema wazi kwamba uamuzi ule ulikuwa sahihi. Nchi iliyowapa wapigania uhuru makambi na ofisi isingeweza kupiga saluti na kwenda kucheza kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini uamuzi sahihi nao una bei, na bei hii hatukuigawana. Wakulima hawakuilipa, mawaziri hawakuilipa. Waliilipa watu wachache ambao miili yao ilikuwa na miaka minne tu ya kilele. Katika Uganda aliilipa John Akii-Bua, polisi aliyeshinda dhahabu ya mita 400 za viunzi Munich 1972 kutoka njia ya kwanza, ile ya ndani inayochukiwa kwa kona zake kali, na kuweka rekodi ya dunia ya 47.82. Montreal rekodi hiyo ilivunjwa na Edwin Moses wa Marekani, na Akii-Bua hakuwepo kuitetea. Katika Kenya aliilipa Henry Rono, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia katika siku 81, na ambaye hakuwahi kukimbia Olimpiki hata moja: 1976 Kenya ilisusia pamoja na Afrika, 1980 ikasusia pamoja na Marekani. Tunapoandika historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika tunahesabu askari, wakimbizi, reli na mafuta. Sijaona ukurasa wenye hesabu ya mita 1,500.

Kuhusu 1980 kuna kisa ambacho hunichekesha kila mara. Rais Carter wa Marekani alimtuma Muhammad Ali kuzunguka Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow. Akaanzia Dar es Salaam, Februari. Nyerere hakukubali hata kumwona. Katika nchi yenye mashabiki wa ngumi kama hii, kumkatalia Ali mlango kulihitaji uthabiti wa aina yake. Tanzania ikaenda Moscow, ikarudi na medali mbili za fedha, na hadi leo hizo ndizo medali zote za Olimpiki tulizonazo.

Ya kwanza ilikuwa ya Bayi, lakini si katika mita 1,500. Aliingia viunzi na maji, mbio za Jipcho, ambazo yeye mwenyewe alikuwa amezijaribu Munich akatolewa mapema. Akafanya kile alichokuwa akifanya siku zote: alitangulia, akafungua pengo kubwa, akawaachia wengine kazi ya kumtafuta. Safari hii alipatikana. Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia katika mzunguko wa mwisho, akashinda kwa 8:09.70, Bayi 8:12.48. Ya pili ni ya Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita kando ya Ziwa Victoria, aliyemfuata Miruts Yifter wa Ethiopia hadi mstarini katika mita 5,000: 13:20.91 kwa 13:21.60. Nyambui hakukoma hapo. Alihamia barabarani, akashinda marathoni ya Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Wangapi wanaopigania nafasi ya kukimbia Berlin leo wanajua hilo?

Hesabu ya Olimpiki inatutia umaskini tusiokuwa nao. Ukiitumia, Tanzania ni nchi ya fedha mbili tu. Ukiiweka kando, unamwona Gidamis Shahanga, kijana wa Katesh asiyetajwa na mtu, akishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton 1978, kisha Brisbane 1982 akishinda mita 10,000, na Mtanzania mwenzake Zachariah Barie akiwa wa pili nyuma yake kwa chini ya nusu sekunde. Katika michezo hiyohiyo ya Brisbane, Juma Ikangaa wa Dodoma alipambana na Robert de Castella katika marathoni iliyosimamisha Australia nzima, akapata fedha kwa 2:09:30. Francis Naali alishinda marathoni hiyo Manchester 2002, Samson Ramadhani akashinda Melbourne 2006. Hapo katikati, mwaka 2005, Fabiano Joseph alikuwa bingwa wa dunia wa nusu marathoni.

Ikangaa anastahili mistari zaidi. Alishinda Tokyo, alishinda Fukuoka, alishinda New York 1989 kwa 2:08:01, rekodi ya njia ile. Na alikuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mara ya kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja. Sekunde moja baada ya kilomita 42! Mwaka wa pili Mwethiopia, wa tatu Mwitaliano. Kuna watu husema mtu huyo alikosa bahati ya Boston. Mimi naona kinyume. Bahati haimrudishi mtu mahali palepale, Aprili tatu mfululizo, kila mara akiwa wa pili kati ya maelfu. Kinachomrudisha ni mazoezi, na Ikangaa, ofisa wa jeshi, alijulikana kwa mazoezi kuliko kwa ushindi. Naye alipenda kukimbia mbele, kama Bayi.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wasemavyo wahenga. Hawa walicheza ugenini, mbele ya watu waliokosea majina yao, na waliporudi kwao utunzaji ulikuwa wa siku moja: shada uwanja wa ndege, ngoma, picha na waziri, ahadi ya kiwanja. Kwa hiyo wengine wakajitunza kwa kutunza wenzao. Bayi alijenga shule zinazobeba jina lake na kwa miaka mingi akawa katibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki ya Tanzania. Ikangaa alishirikiana na Wajapani, ambao hawajasahau alivyowakimbilia Tokyo, kuanzisha mwaka 2017 mashindano ya riadha ya wanawake jijini Dar es Salaam yaitwayo Ladies First.

Mashindano hayo yalikuja wakati wake, maana kama wanaume tumewakumbuka kwa pingili moja, wanawake wengi hatukuonja hata hiyo. Mwaka 1965, kabla ya Bayi na kabla ya Akhwari kwenda Mexico, Theresia Dismas alirudi kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville na medali ya fedha ya kurusha mkuki. Mkuki, katika nchi ambayo hata sasa ukisema riadha watu wanaelewa kukimbia tu. Septemba 2023 Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin kwa 2:18:41. Siku hiyo macho yote yalikuwa kwa Tigist Assefa wa Ethiopia aliyevunja rekodi ya dunia, na magazeti yetu nayo yakaandika zaidi habari za Assefa.

Sasa tuna Alphonce Simbu. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, aliingia uwanjani nyuma ya Amanal Petros wa Ujerumani, akamfikia kwenye mita za mwisho kabisa, wakavuka pamoja. Wote wawili waliandikiwa 2:09:48. Picha ya mstarini ndiyo iliyoamua: tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Nchi ilirukaruka, nami nilirukaruka. Tayari naiona pingili ikikatwa. Miaka ishirini ijayo mgeni rasmi atasimama kwenye mahafali na kusema Simbu alishinda kwa kupepesa jicho, na wanafunzi watapiga makofi, na hakuna atakayeuliza alitokea wapi.

Alitokea Singida, na alitokea mbali. Rio 2016 alikuwa wa tano. London 2017, mashindano ya dunia, shaba. Olimpiki ya Tokyo, marathoni ikikimbiwa Sapporo kwa sababu ya joto, wa saba. Aprili 2025, Boston, wa pili, nafasi ambayo Ikangaa anaijua vizuri. Kati ya Sapporo na Boston kuna Paris 2024. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, njia ina vilima vikali, naye akamaliza wa 17 kwa 2:10:03. Hakukuwa na shada uwanja wa ndege. Mtu wa 17 hana wa kumpokea. Alirudi mazoezini akijua kwamba wengi wamekwisha kuandika kwamba enzi yake imepita. Ningepewa kazi ya kuandika wasifu wake, Tokyo ningeiweka sura ya katikati, na ningeanza na asubuhi ile ya Paris, na wale kumi na sita waliokuwa mbele yake.